Sio kila kimondo ni chuma kama cha Mbozi
Mwandishi wa hii makala ya vimondo kaeleza vizuri ila hapo aliposema kimondo lazima kinase sumaku kachemka kidogo. Cha Mbozi, kule Tanzania, sawa, kile ni chuma, lakini vipo ambavyo ni mawe tu, mfano kile kilichoanguka Kapoeta mwaka 1942, enzi hizo ni Sudan, siku hizi Sudan Kusini, wala sio mbali na mpaka wa Kenya. Ukikikata ndani ni kijivu, vipande vyenye kona kona vimeshikana kama zege, na sumaku haikishiki kivile. Wataalamu wengi wanaona kimetoka Vesta, asteroidi (mwamba mkubwa unaozunguka jua) yenye upana wa kama kilomita 525 hivi, ambayo zamani iliyeyuka, chuma kikazama katikati, lava ikamwagika juu ikaganda, yaani ni basalti kama ya volkano zetu huku ila hiyo ina miaka kama bilioni 4.5!! Halafu chombo cha anga cha Dawn kilipofika kule 2011 kikaonyesha vizuri shimo la kugongwa huko kusini, upana wake kama kilomita 500, karibu sawa na Vesta yenyewe, sasa hapo ndo unaelewa mawe yalirukaje mpaka yakatufikia. Mimi ningeanzia habari hapo aisee