Wavulana wa Kidato cha Pili Nao Wapangiwe Sauti

Katika mahafali niliyohudhuria hivi karibuni kwenye shule moja ya sekondari wilayani Temeke, wavulana wa mstari wa nyuma wa kwaya walikuwa wakifumbua vinywa bila kutoa sauti, na mmoja wao alinieleza baadaye kwamba waliagizwa kufanya hivyo kwa sababu sehemu ya tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, ilikuwa imewashinda. Nimeumia sana, kwa maana hawakushindwa wao. Aliyeshindwa ni yule aliyeupanga wimbo.

Ulikuwa umepangwa kwa soprano na alto (sauti ya juu na ya chini ya wanawake), tena na besi (sauti ya chini ya wanaume), katika ufunguo wa G, yaani do yake ni G, na tena walitakiwa kupanda mara kwa mara hadi G iliyo juu ya C ya kati, ile C ya katikati ya kinanda. Kwaya ya watu wazima usharikani huiweza kazi hiyo. Mvulana wa miaka 14, ambaye zoloto lake (kiungo cha sauti kooni) linakua na sauti yake iko njiani kushuka kwa takriban oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, hawezi, na kumlazimisha ni kumfundisha kuichukia sauti yake mwenyewe.

Nitaambiwa kwamba kwa nota za do-re-mi, ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19 na ambazo zimelea kwaya zetu nyingi, ufunguo hubadilishwa kwa kufuta herufi moja tu juu ya karatasi. Ni kweli. Hata hivyo, ukiushusha wimbo kutoka G hadi D ili tena wapumue, alto hubaki wakinong'ona na besi hawasikiki kabisa. Dawa ni kuzipanga sauti upya. Katika kituo cha mwisho cha wimbo ule, yaani mlio wa pamoja unaoufunga, soprano, tena na besi wote waliishika do, kila mmoja katika kimo chake, na alto wakashika mi. Tena wangepewa so iliyo chini ya do yao, mlio usingepungukiwa na chochote, bali ungepata so ambayo haikuwamo kabisa.

Nakubali kwamba mwalimu wa kwaya mara nyingi ana vipindi vya somo lingine na rundo la madaftari ya kusahihisha, hivyo huchukua nota zilizopo. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wapangaji, hasa wanaosambaza nota zao kwa simu. Andikeni juu ya karatasi noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila sauti. Ongezeni nakala ya sauti tatu, mbili za wasichana na moja ya wavulana isiyovuka oktava moja kandokando ya C ya kati, na mwonyeshe mahali ambapo wavulana ambao sauti zao zimekwisha kutulia wanaweza kushuka hadi besi.