Kabla ya Kufungua Ukumbi

Jirani yangu hapa South C ni mama wa Kisudani, wa kabila la Wamasalit, kutoka El Geneina, mji wa Darfur. Alifika Nairobi mwishoni mwa 2023 na watoto wawili. Jioni ya Februari 18, 2025 nilikuwa sebuleni kwake, ananimiminia chai, taarifa ya habari inaendelea. Ukatokea ukumbi wa mikutano wa KICC, na ndani yake Abdelrahim Dagalo, naibu kamanda wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan tangu Aprili 2023, na ndugu yake Hemedti, mkuu wao. Mama akaweka birika chini. "Baba Amani, hapo ni wapi?" Nikamjibu ni hapa mjini, mwendo wa matatu moja. Akainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Serikali yetu, kwa kuwapokea RSF, ilijitetea kwamba Kenya inatoa tu uwanja wa mazungumzo. Naomba nieleweke: sipingi kuzungumza na wenye bunduki. Amani hutafutwa kwa wanaopigana, na nchi hii kazi hiyo inaijua. Jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo alikaa na serikali ya Sudan na waasi wa kusini, SPLM, huko Machakos, kisha Naivasha, hadi mkataba ukatiwa saini uwanjani Nyayo, Januari 9, 2005.

Ila kuna kilichotangulia. Februari 2002, helikopta za serikali ya Sudan, ya Khartoum, ziliwashambulia watu waliokuwa kwenye foleni ya chakula cha msaada huko Bieh, kusini. Wamarekani wakasimamisha mazungumzo yao na Khartoum. Mwezi uliofuata, serikali na SPLM wakatia saini ahadi ya kutoshambulia raia, na kikaundwa kikosi cha kuifuatilia. Itifaki ya Machakos ilikuja baadaye, Julai 20. Ahadi ile ilivunjwa, tena si mara moja. Hata hivyo kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kwenda kijijini, kuangalia na kuandika walichokiona.

Sasa RSF tuliwadai nini kabla ya kuwafungulia KICC? Mimi sikusikia sharti hata moja likitangazwa. Na walikuwa na deni tayari. Mei 11, 2023 walitia saini Jeddah, pamoja na jeshi la serikali la Jenerali Burhan, kwamba watawalinda raia. Mwezi uliofuata Wamasalit wakachinjwa El Geneina. Juni 13, 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2736, liliwataka waondoe mzingiro wa El Fasher, mji mwingine wa Darfur. Hawakuuondoa. Januari 7, 2025 Marekani ikatamka kuwa wanafanya mauaji ya kimbari. Wiki sita baadaye tukawapa kipaza sauti. Siku zilezile, wanasheria wa kundi la Emergency Lawyers waliripoti kwamba RSF wameua zaidi ya watu 200 kwa siku tatu katika vijiji vya al-Gitaina, kwenye Nile Nyeupe.

Jeshi la Burhan nalo linadondosha mabomu sokoni, na likija Nairobi lidaiwe vilevile.

Machi, serikali ya Burhan ikalipiza mkutano ule kwa kupiga marufuku bidhaa zetu, chai ikiwemo, na mjadala wote ukahamia kwenye chai. Nawahurumia wakulima wa Kericho na Nandi, hasara ni yao kweli. Lakini iliniuma kuona tunahesabu kilo za chai kabla ya kuwahesabu watu.

El Fasher ilianguka mikononi mwa RSF Oktoba 26, 2025. Shirika la Afya Duniani lilisema zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliripotiwa kuuawa katika Hospitali ya Wazazi ya Saudia. Walionusurika walitembea kuelekea Tawila, kiasi cha kilomita 60, na njiani wanaume walikuwa wakitolewa kwenye misafara.

Siamini kwamba neno la Nairobi peke yake lingeizuia siku hiyo. Naamini lingekuwa na uzito, kwa sababu Februari walikuwa na shida na ukumbi wetu, na mwenye shida husikiliza. Tungewaambia: fungueni kwanza barabara ya kutoka El Fasher, raia wapite na chakula kiingie, ndipo tuzungumze habari ya ukumbi.