Tusi la Maryland, kejeli ya Duke

Januari 2004 timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilikwenda kucheza nyumbani kwa Chuo Kikuu cha Maryland, mjini College Park. Mashabiki wa Maryland wakamwimbia mchezaji wa Duke, J.J. Redick, kijana wa miaka 19, tusi la nguoni, jina lake likiwa kiitikio. Televisheni ilirusha yote hayo. Chuo cha Maryland kikaaibika, kikaomba ushauri wa kisheria kwa serikali ya jimbo: tunaweza kuwazuia wanafunzi wetu? Kikajibiwa kwamba sera iliyoandikwa kwa uangalifu ingeweza kukubalika kikatiba.

Waliotaka sera hiyo wana hoja. Mzazi aliyempeleka mtoto wake kutazama mpira hakulipia somo la matusi, na chuo cha umma ni mali yake pia.

Ila tangu hapo wanafunzi wa Maryland wamebandikwa jina la wahuni, huku wenzao wa Duke wakisifiwa kwa ucheshi na akili. Sifa hiyo inanikera. Mwaka 1984 mchezaji wa Maryland aliyetuhumiwa na mwanafunzi mwenzake wa kike kwa kosa la kingono aliingia ukumbi wa Duke, akarushiwa chupi za kike kutoka majukwaani. Watu wamemjadili sana mchezaji. Mimi namfikiria yule msichana. Jambo zito kuliko yote maishani mwake liligeuzwa kichekesho na maelfu ya vijana wa rika lake, na kwa kurusha chupi hakuna aliyehitaji kutamka neno chafu hata moja.

Baada ya tukio hilo, rais wa chuo cha Duke wakati huo, Terry Sanford, aliwaandikia wanafunzi wake barua, akajiita Mjomba Terry. Aliwaambia kuwa matusi uwanjani yanaonyesha uhaba wa msamiati na wa ubunifu. Mechi iliyofuata ya nyumbani, dhidi ya North Carolina, walikuja wamevaa taji za malaika kichwani. Mwamuzi alipowaudhi, walimwimbia kwamba wanaomba kutofautiana naye. Nchi ikacheka, na hadithi inasimuliwa mpaka leo.

Barua ile ilikuwa ya upendo, lakini kipimo chake ndicho tulichorithi: ukiumiza kwa akili, umesamehewa. Sisi tuliolelewa na mafumbo ya kanga twajua fumbo huchoma kuliko tusi. Tusi lile la College Park lingeweza kuimbiwa mchezaji yeyote wa timu pinzani, halikujua lolote kuhusu Redick. Kilichomjua ni kelele za viwanja vingine, na mwenyewe amesimulia jinsi mashabiki walivyomtukania hadi familia yake.

Kwa hiyo nikiombwa kuandika sera, kifungu cha kwanza kingekataza kumgusa mama, dada, mgonjwa na aliyedhulumiwa, hata kwa lugha safi. Neno chafu ningeliweka kifungu cha mwisho, na lingehusu Duke sawasawa na Maryland.