Tabla imeshinda ughaibuni, filimbi bado

Jioni moja ya baridi mjini Leicester, Uingereza, nilikaa safu ya tatu nikimtazama mpiga tabla, ile jozi ya ngoma ndogo za Kihindi, akihangaika na ngozi. Anagonga ukingo wa ngoma ya kulia kwa nyundo ndogo, anainamisha sikio, anasogeza vile vigingi vya mbao vilivyobanwa chini ya kamba, anagonga tena. Kwetu ngoma hupashwa moto ndipo ilie. Pale moto ulikuwa umezidi: mitambo ya kupasha joto ukumbi ilikuwa inaikausha ngozi ya mbuzi, na sauti inapanda yenyewe. Pembeni yake mpiga filimbi alikuwa ameuficha mwanzi wake ndani ya shali, maana mwanzi ukipoa sauti hushuka. Mmoja anaikimbiza sauti inayopanda, mwenzake anaishikilia yake isishuke.

Kando yangu alikaa mama wa Kigujarati aliyekulia Mombasa, na Kiswahili chake bado ni kile cha Makadara. Onyesho lilipoanza na kijana wa mbele yetu akaanza kutazama saa, mama akaninong'oneza: "Mwanangu, hawa wana haraka ya nini? Bado hajaingia ndani."

Kuingia ndani ndiko kwenye mzozo wote. Katika muziki wa asili wa India ya Kaskazini, mpiga filimbi huanza peke yake, na tanpura, chombo cha nyuzi cha kuvumisha sauti moja, ikivuma nyuma. Haimbi wimbo wala hafuati mapigo. Anaifungua raga, yaani mpangilio wa sauti wenye kanuni na tabia yake, sauti moja baada ya nyingine, akianzia chini kabisa, anarudi, anakawia, anapanda kidogo. Sehemu hiyo huitwa alapu, na mpigaji mwenye pumzi na utulivu anaweza kukaa humo karibu saa nzima. Tabla huingia baadaye na mzunguko wake, mara nyingi wa mapigo 16, kisha mwendo unaongezeka hadi wote wawili wanatua kwa kishindo kwenye pigo la kwanza.

Wapo wanaosema kuwa safari za nje zimeuharibu muziki huu: alapu imekatwa, mbio zimetangulizwa, raga za alfajiri zinapigwa usiku kwa sababu ukumbi umekodiwa usiku. Wengine wanasema bila safari hizo wapigaji wangekufa njaa na raga zingebaki makumbusho. Nimesikiliza pande zote mbili kwa miaka, na naona zote zinakosea jambo moja. Zinaizungumzia tabla na filimbi kana kwamba zimesafiri safari moja, ilhali kila moja ilipokewa kivyake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenyeji wa ughaibuni ameivuta ngozi kwake kweli. Mwaka 1967 Ravi Shankar, gwiji wa Kihindi, alipiga sitar, chombo cha nyuzi, kwenye tamasha la Monterey, California, na Alla Rakha kwenye tabla. Ilikuwa alasiri, akachagua Bhimpalasi, raga ya alasiri. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba anayekwenda nje huitupa mila baharini. Lakini filamu ya tamasha lile ilipotoka mwaka uliofuata, watazamaji walioneshwa sehemu ya mwisho, ile ya kasi. Alapu haikuwamo. Mwaka 1971, kwenye onyesho la kuichangia Bangladesh jijini New York, watu walipiga makofi wakati wapigaji wanarekebisha nyuzi tu, hata Shankar akawaambia kwa upole kwamba kama wamependa matengenezo kiasi hicho, anatumaini muziki wenyewe utawafurahisha zaidi. Wengi hukisimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi hunihuzunisha, kwa sababu wale watu walikuja na moyo mkunjufu na hakuna aliyekuwa amewaeleza kitu.

Hata hivyo, anayelaumu ughaibuni peke yake aanze na nyumbani. Kampuni za sahani za santuri zilipofika Calcutta mwaka 1902 na kumrekodi mwimbaji Gauhar Jaan, raga ililazimishwa kuingia ndani ya dakika tatu hivi. Mkato wa kwanza ulifanyika India yenyewe. Na tangu sheria za kelele za mwaka 2000 zilipozuia vipaza sauti baada ya saa nne usiku, matamasha mengi ya wazi yaliyozoea kukesha yamelazimika kufunga mapema, na raga za usiku wa manane zikakosa usiku wao.

Kisha kuna suala la tumbo, ambalo watetezi wa usafi hulipita haraka mno. Zamani mwanamuziki alikula kwa mfalme. Alauddin Khan, mwalimu wa nusu ya magwiji tunaowataja leo, alikuwa mtumishi wa kasri la Maihar. Baada ya uhuru wa mwaka 1947 falme hizo zilimezwa na dola mpya, na mwaka 1971 hata ruzuku za wafalme zikafutwa. Redio ya taifa iliajiri baadhi, studio za filamu za Bombay zikachukua wengine, na pengo lililobaki likazibwa kwa sehemu kubwa na tiketi za London, San Francisco na Paris. Simwelewi mtu anayemtaka msanii akatae tiketi hizo bila kumwonesha mfalme mwingine.

Sasa nirudi kwenye vyombo. Tabla, kwa maoni yangu, imepata ughaibuni kile ilichonyimwa nyumbani: heshima. Mpiga tabla alikuwa mfuasi. Alikaa pembeni, alilipwa kidogo, na mara nyingine jina lake halikuandikwa kwenye jalada la sahani. Pale Monterey, Shankar alimwachia Alla Rakha nafasi ya kupiga peke yake. Mwana wa Alla Rakha, Zakir Hussain, aliiendeleza kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Akiwa na mpiga gitaa John McLaughlin waliunda kundi la Shakti katika miaka ya 1970. Mwaka 1991 alishiriki rekodi ya Planet Drum pamoja na Babatunde Olatunji wa Nigeria. Na Februari 2024 alitwaa tuzo tatu za Grammy usiku mmoja. Alifariki San Francisco Desemba mwaka huohuo, na magazeti ya dunia nzima yakamwandika mpiga ngoma kama yanavyomwandika mkuu wa nchi.

Sababu ya ushindi huo haina siri. Mapigo husafiri mepesi. Mtu asiyejua raga hata moja anaweza kuhesabu kwa vidole, akapotea, akashikwa tena pigo la kwanza linapotua, na mwili wake ukafurahi. Sisi watu wa Pwani tunaujua ushahidi huu. Tabla ilikaa Mombasa ndani ya taarabu, pamoja na kinanda cha mvukuto na tashkota, ikimsindikiza Juma Bhalo katika mashairi ya Kiswahili aliyoyatia mahadhi ya filamu za Kihindi. Tabla ilivuka bahari ikaoa. Alapu haikuvuka nayo.

Filimbi ina hali nyingine. Kwanza tukiri kwamba bansuri, yaani filimbi hii ya mwanzi, kwenye jukwaa la muziki wa asili ni mgeni hata India. Ilikuwa filimbi ya wachunga ng'ombe na ya mungu wa Kihindu Krishna kwenye picha, hadi Pannalal Ghosh, aliyefariki mwaka 1960, alipotengeneza filimbi ndefu ya takribani sentimita 80 yenye uwezo wa kushuka chini na kubeba raga nzima. Hoja ya "mila ya maelfu ya miaka" ipunguzwe sauti hapo.

Lakini kile alichokipigania Ghosh, yaani ule uzito wa chini na mwendo wa polepole, ndicho kinachopotea nje. Na sababu, naogopa, ni mapenzi. Watu wa Ulaya na Marekani wanaipenda filimbi mno, wanaipenda kama dawa ya usingizi. Inapigwa kwenye vyumba vya kukanda misuli, kwenye madarasa ya yoga, nyuma ya sauti ya maji yanayotiririka. Mpigaji anayetaka kuuza rekodi anajua fika kwamba raga ya Yaman iliyolainishwa, isiyo na kisa wala wasiwasi, itanunuliwa. Raga ina kanuni zake: sauti hii hufikiwa kwa kuzunguka, ile haiguswi ukiwa unapanda, nyingine hungojwa hadi roho iume. Ukiiondolea hayo inabaki hewa nzuri. Tabla nayo imepata balaa lake, kugeuzwa mchezo wa vidole vyenye kasi, lakini kasi hiyo angalau ni sehemu halali ya sanaa yake.

Upande wa pili wa mizani naweka jina moja zito: mpiga filimbi Hariprasad Chaurasia, aliyezaliwa Allahabad mwaka 1938, mtoto wa mpiga mieleka. Alikuwa tayari mpigaji wa studio aliyeshiba kazi alipomwendea Annapurna Devi, binti wa Alauddin Khan, kuomba afundishwe upya. Mama huyu alikuwa ameacha jukwaa, anaishi kwa kujifungia Bombay, hakutafuta makofi ya mtu. Chaurasia alibadilisha hata mikono, akageuza filimbi kutoka kulia kwenda kushoto, kumthibitishia kwamba yuko tayari kuanza sifuri. Kisha mwanafunzi huyo wa mwalimu asiyetoka nyumbani akazunguka dunia, na kwa miaka mingi akaiongoza idara ya muziki wa Kihindi kwenye chuo cha muziki cha Rotterdam. Ali Akbar Khan, ndugu yake Annapurna, alikuwa ametangulia kufungua chuo chake California mwaka 1967.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Jukwaa la nje huchukua kile kinachoshika haraka, na litaendelea kufanya hivyo. Darasa la nje ndilo linalotengeneza msikilizaji wa kungoja. Tamasha la Darbar lilianzia Leicester mwaka 2006 kumkumbuka mwalimu wa tabla, Gurmit Singh Virdee, na linasikilizwa na watu wanaojua wanangoja nini, kwa kuwa mji ule ulikuwa na walimu kabla ya kuwa na tamasha. Waandaaji wangeanza kulipia masomo kama wanavyolipia mabango, nusu ya manung'uniko haya yangekwisha.

Usiku ule alapu ilikwisha kwa dakika 12, kwa kuwa ukumbi ulikuwa unafungwa saa nne. Wakati tunatoka, mama alinishika mkono: "Jumapili asubuhi njoo nyumbani kwa mdogo wangu. Ni walewale. Vaa nguo nzito."

Nilikwenda kukiwa bado giza. Viatu vilijaa mlangoni, sebuleni tulikuwa kama watu thelathini juu ya zulia. Mwenye nyumba alikuwa amezima joto tangu usiku kwa ajili ya ngozi ya tabla, na sisi tumejitanda mablanketi, pumzi zinaonekana. Filimbi peke yake ilikuwa imelazwa kwenye mto wa maji moto. Mpigaji akaanza Bhairav, raga ya asubuhi, kutoka sauti ya chini kabisa, na kila aliposhuka vizuri wazee walisema "wah" kwa sauti ndogo naye akaitikia kwa kichwa. Dirishani kukawa kunapambazuka. Mpiga tabla alikaa mikono mapajani kwa karibu dakika hamsini akisikiliza, na nyundo yake ilibaki chini pale alipoiweka alipofika.