Mfasiri wa kweli ndani ya seli sio ribosomu

Ukimuuliza mtu yeyote aliyesoma baiolojia sekondari DNA inafikaje kuwa protini atakujibu fasta bila hata kufikiri, DNA inanukuliwa kuwa RNA, RNA inaenda kwenye ribosomu, ile mashine ya seli inayojenga protini, ribosomu inatafsiri, protini hio hapo. Mimi nimefundisha hivo miaka mingi na nilikuwa naona niko sawa kabisa, mpaka siku moja mwanafunzi akanyoosha mkono akaniuliza, samahani mwalimu, ribosomu inajuaje kwamba UUU ni fenilalanini? Nikamwonyesha lile jedwali la kodoni lenye vyumba 64, kodoni ni herufi tatutatu za RNA, na jedwali linaonyesha kila moja inasimamia amino asidi gani, yaani kipande gani cha kujengea protini, fenilalanini ikiwa mojawapo. Akaniambia hapana mwalimu, hilo liko kwenye kitabu, mi nauliza ndani ya seli jedwali liko wapi?

Kwa maoni yangu hilo ndio swali kubwa kuliko yote kwenye mada hii nzima, na inaniuma kwamba vitabu vyetu vinalipita kama halipo, mwanafunzi anakariri mishale miwili, DNA kwenda RNA, RNA kwenda protini, anapata maksi zake, anaondoka bila kujua kwamba sehemu ya ajabu kuliko zote hajaonyeshwa. Kwa hiyo leo naandika kile nilichotakiwa nimjibu siku ile.

Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri sana hapa, unukuzi na tafsiri, ila tunayataja harakaharaka kana kwamba ni kazi za aina moja. Tuanze na unukuzi maana huo ni mwepesi. DNA ina herufi nne, A, T, G na C, na RNA nayo ina nne, tofauti ni kwamba penye T yenyewe inaweka U. Enzaimu, yaani protini inayofanya kazi za kikemia kwenye seli, inayoitwa RNA polimerasi inaachanisha nyuzi mbili za DNA kipande kidogo, inapita juu ya uzi mmoja, ikikuta G inaweka C, ikikuta A inaweka U, na herufi hizi zinapatana zenyewe kwa umbo, C inaingiana na G kama ufunguo na kitasa chake. Hapo hakuna anayehitaji kuelewa chochote, ni kama mtu anayenakili barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, akiwa makini herufi zitatoka sawasawa hata kama hajaambulia neno moja. Kwenye seli kama zetu nakala hio inakatwa baadhi ya vipande kisha vinavyobaki vinaungwa, jambo lililogunduliwa 1977, ila hata huko bado ni herufi zilezile kwa hiyo tuliache.

Tafsiri ni habari nyingine kabisa. Protini haina herufi nne, ina amino asidi 20 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi, na hazifanani na A wala U wala chochote cha huko kwenye RNA. Chukua UUU uiweke pembeni ya fenilalanini, angalia umbo, angalia chaji, angalia unachotaka, hutaona kinachozifanya zijuane. Hata neno "mbuzi" halina pembe wala ndevu, maana yake iko kwa anayelijua. Sasa nani ndani ya seli anajua?

Watu wakubwa walikwama hapohapo. DNA ilipojulikana umbo lake 1953, mwanafizikia George Gamow alitoa wazo mwaka uliofuata kwamba labda kwenye mizunguko ya DNA kuna vishimo, na kila amino asidi inaingia kwenye kishimo chake. Wazo zuri kwelikweli ila kemia inalikataa. Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo hilo la DNA, ndio akakaa akafikiri, akaandika 1955 barua ya kuwasambazia wenzake wachache tu, haikuchapishwa kwenye jarida, akasema lazima kuwe na kitu cha katikati, adapta, upande mmoja kinasoma herufi upande mwingine kimebeba amino asidi, na lazima kuwe na enzaimu 20, kila moja kazi yake kuunganisha amino asidi yake na adapta yake. Wakati anaandika hivo yeye hakuwa ameona adapta hata moja! Alifikia hapo kwa kufikiri tu kwamba bila hivo mambo hayawezekani, na miaka michache baadae Mahlon Hoagland na Paul Zamecnik wakaipata kweli maabara kule Marekani, ndio hii tunayoiita tRNA.

tRNA ni RNA fupi, herufi 70 na kitu hadi 90 hivi, imejikunja umbo la L. Ncha moja ina herufi tatu, antikodoni, ambazo zinaingiana na kodoni ya mRNA, yaani ile nakala ya RNA iliyotoka kwenye DNA, kwa ile njia ileile ya ufunguo na kitasa. Ncha ya pili, mbali kabisa na ile ya kwanza, ndio inabeba amino asidi. Nasisitiza mbali kwa sababu watu wengi wanadhani antikodoni yenyewe ndio inaichagua amino asidi, wakati hizo mbili hazigusani hata kidogo. Anayezikutanisha ni enzaimu, jina lake refu ni aminoasili-tRNA sinthetasi, na zipo aina 20 kama Crick alivyotabiri, moja kwa kila amino asidi ukiacha viumbe kadhaa, wakiwemo bakteria wengi, wenye utaratibu tofauti kidogo. Hii enzaimu ndio kitu pekee kwenye seli kinachojua lugha zote mbili. Inaikamata tRNA yake na kuikagua, nyingi zinaipapasa hadi ile antikodoni, kisha inaikamata amino asidi yake, inatumia nishati ya ATP, inazifunga pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi wangu, jedwali lako liko hapo, limegawanywa vipande 20 na kila enzaimu imeshika kipande chake.

Tuitazame moja kwa karibu maana mimi huwa inanishangaza kila nikiifundisha. Isolusini na valini ni amino asidi zinazofanana kama mapacha, isolusini imezidi kaboni moja na haidrojeni mbili tu basi. Enzaimu ya isolusini ina chumba ambacho amino asidi iliyo kubwa zaidi haiingii, sawa, lakini valini ni ndogo zaidi, inapenya bila shida, utaizuiaje? Enzaimu ina chumba cha pili, kidogo zaidi, ambacho isolusini haienei ila valini inaenea, na valini ikishaingia humo inakatwa na kutupwa. Yaani ni vichujio viwili, cha kwanza kinazuia wakubwa na cha pili kinawanasa wadogo. Ndio maana tafsiri nzima inakosea kama mara moja tu kwenye amino asidi elfu kadhaa. Na kama unadhani ni mambo ya vitabuni tu, ile dawa ya kupaka kwenye vidonda vya ngozi inayoitwa mupirocin inafanya kazi kwa kuiziba enzaimu hiihii ya isolusini ya bakteria, bakteria anabaki na DNA nzima, ribosomu nzima, na hawezi kuendelea kutengeneza protini.

Sasa ribosomu nayo inafanya nini? Inafanya kazi kubwa, simdharau hata kidogo, inashika mRNA, inasogea herufi tatutatu, inahakikisha kodoni na antikodoni zimeingiana, inaunganisha amino asidi, na kwenye bakteria inaweza kufika hata 20 kwa sekunde. Lakini haiangalii ni amino asidi gani imeletwa. Tunalijua hili kwa jaribio la mwaka 1962 ambalo ningependa kila mwanafunzi alisikie. Watafiti, akiwemo François Chapeville na Seymour Benzer, walichukua tRNA ya sisteini ikiwa imeshapakiwa sisteini yake vizuri, halafu kwa kutumia nikeli wakaiondolea ile sisteini salfa yake ikiwa bado imening'inia palepale, na sisteini ukiitoa salfa inabaki alanini. Wakaipeleka kwenye ribosomu. Ribosomu ikasoma kodoni ya sisteini, ikaona antikodoni ni sawa, ikapokea mzigo, ikaweka alanini pale ilipotakiwa sisteini na kuendelea na safari. Mzigo umebadilishwa na yeye hana habari! Hilo kwangu linamaliza ubishi wa nani mfasiri, ribosomu ni msomaji hodari na fundi wa kuunga, ila maana ya maneno iliamuliwa kabla mzigo haujamfikia.

Hata lile jaribio maarufu la Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei mimi sasa hivi nalisoma kivingine. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1961 Matthaei aliweka RNA ya U tupu, UUUUUU, kwenye maji ya seli za bakteria zilizosagwa, na mnyororo wa fenilalanini tupu ukatoka, neno la kwanza la lugha ya jeni likajulikana. Tunasifia ile UUU na inastahili, lakini ndani ya yale maji kulikuwa na tRNA na zile enzaimu 20 zote zikiwa hai, ndizo zilizoipa UUU maana. Bila hizo ile RNA ingekaa pale kama uzi tu.

Na ukibadilisha mfasiri maana inabadilika hata herufi zikibaki zilezile. Yupo fangasi anaitwa Candida albicans, huyu anayeleta utando mweupe mdomoni, kwake CUG inasomeka serini wakati kwetu na kwa viumbe karibu wote ni lusini. Ndani ya mitokondria zetu wenyewe, vile vinu vya nishati vya seli, UGA ni triptofani, wakati nje yake tu, seli hiyohiyo, UGA ni amri ya kusimama. Kwa upande wa pili, insulini ya binadamu imeweza kutengenezwa ndani ya bakteria na kuruhusiwa Marekani 1982 kwa sababu wafasiri wa bakteria na wafasiri wetu wanakubaliana karibu kila neno, ukimpa maandishi ya binadamu anayasoma na kuelewa vilevile.

Hapa ndio inaeleweka pia kwanini njia inaenda upande mmoja. Wengi wanadhani Crick alisema DNA inaenda RNA basi, halafu 1970 Howard Temin na David Baltimore walipogundua enzaimu inayorudisha RNA kuwa DNA, ileile ambayo HIV anaitumia, ikaonekana amekosea. Alichosema kwenye makala yake ya 1958 ni kwamba habari ikishaingia kwenye protini haitoki tena. RNA kurudi DNA ni unukuzi tu wa kinyumenyume, herufi ni za familia moja, ufunguo na kitasa vinafanya kazi pande zote. Kutoka protini kurudi kungehitaji mfasiri wa upande huo, kitu cha kushika valini kwenye mnyororo na kusema hii iandikeni GUG, na hakuna seli iliyowahi kukutwa na kitu hicho.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema DNA ina kila kitu, maisha yote yako mle, nashindwa kukaa kimya. Jeni za zile enzaimu 20 ziko kwenye DNA ndio, lakini jeni hizo nazo ili zigeuke enzaimu lazima zitafsiriwe, na za kuzitafsiri ni enzaimu hizohizo, ziwe zimeshakuwepo tayari. Mwaka 2010 timu ya Craig Venter ilitengeneza DNA nzima ya bakteria maabara, zaidi ya herufi milioni moja, kazi ya miaka, lakini kuiwasha walilazimika kuiweka ndani ya bakteria mwingine aliye hai, maana humo ndio kulikuwa na wa kuisoma. Kila seli iliyopo leo imepokea wafasiri wake wa mwanzo kutoka kwa seli iliyoizaa, nayo kutoka kwa iliyoizaa yenyewe, hivo hivo kurudi nyuma bila kukatika.

Na sisi tulianza hivohivo. Mbegu ya baba ilileta karibu DNA tu. Yai la mama lilikuwa limeshajaa ribosomu, tRNA, zile enzaimu, na mRNA zilizowekwa akiba, na siku za mwanzo mpaka tulipofika seli nne hadi nane hivi protini zilitengenezwa hasa kutokana na akiba hio. Baada ya hapo ndio jeni zetu wenyewe zikaanza kufunguliwa kwa wingi, na jeni za baba ziliposomwa kwa mara ya kwanza, aliyezitafsiri alikuwa mfasiri wa mama.