Kuandika "sijui" kwenye mlango wa Sabaki

Kaskazi ikianza kuvuma, simu za sisi wapenda ndege wa pwani hujaa picha. Fulani kaona buabua adimu, fulani kaona shakwe wa ajabu. Nafurahi nao kwa dhati. Ila kuna jambo linanisumbua, na nalisema wazi: tunawapa ndege majina haraka mno.

Chukua mlango wa Mto Sabaki, kilomita chache kaskazini mwa Malindi. Maji ya hapo ni mekundu kwa udongo uliotoka bara, na yakipwa huacha mafungu ya mchanga wanakotua buabua kwa maelfu. Wengi ni wale wadogo kabisa, sentimita 23 hivi toka mdomo hadi mkia, na humo wamechanganyika aina mbili zinazofanana kama mapacha: buabua mdogo, na buabua wa Saunders anayezaliana Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Wakiwa na manyoya ya msimu wa kuzaa, mwenye jicho zuri atawatenganisha. Weupe wa kipaji cha uso cha Saunders haupiti juu ya jicho, na miguu yake imefifia kuelekea kahawia. Lakini kwetu wengi hukaa wakiwa wameshavua vazi hilo. Mdomo uliokuwa wa njano umekuwa mweusi, na kipaji kimekuwa cheupe kwa wote wawili. Kinachobaki ni pale juu ya mkia: Saunders ana kijivu kile kile cha mgongo, mwenzake ana weupe zaidi. Na pale hapaonekani vizuri ndege akiwa amekunja mabawa.

Januari moja, siku ya bamvua, nilimwelekezea darubini mmoja aliyesimama pembeni ya kundi. Kijivu chake kilikuwa kimekolea kuliko cha wenzake. Nikaandika "Saunders" kwenye daftari, moyo ukinidunda. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu yangu akaniuliza, "Umepata nini, mwanangu?" Nikamweleza.

"Umemwona akiruka?"

"Hapana, mzee. Ametua tu."

"Basi ngoja aruke. Jua likiwa nyuma yake, hapa hata yangeyange ni mweusi."

Nilikuwa nimekaa nikilitazama jua. Nikazunguka hadi likawa mgongoni mwangu, na kile kijivu kikapungua nikikiona. Kisha mwewe akapita, kundi zima likainuka, na ndege wangu akapotelea humo. Nilifuta jina, nikaandika: "buabua mdogo au wa Saunders, hakuonekana akiruka."

Nashikilia kwamba hilo ni jibu kamili. Kumbukumbu zetu ndizo tunazokwenda nazo kutetea mafungu haya yasiharibiwe. Tukizijaza majina ya kubahatisha, siku ndege adimu atakapokuja kweli, nani atatuamini? Kwa hiyo andika upande wa jua, maji kujaa au kupwa, umbali, na kile ambacho hukukiona. Na kaa ukiwatazama wale wa kila siku, saa nzima kwa saa nzima: yule wa mdomo wa chungwa, yule mkubwa zaidi wa mdomo wa njano. Mgeni hujitokeza kwa mtu aliyewazoea wenyeji.

Tena wapo tunaowaita adimu kwa sababu hatuendi kuwatazama. Wakati wa kusi wengi wetu tunaweka darubini kabatini, na ndio miezi ambayo wale ndege wa kahawia wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu wanavuka bahari kutoka Madagaska. Agosti hutua hapo hapo Sabaki, makundi kwa makundi. Niliwakosa miaka kadhaa, na bado inaniuma.

Kaskazi hii nitakuwa kule tena, upande wa Mambrui. Ukiniletea picha yako nitaitazama kwa furaha, lakini kabla ya jina nitakuuliza swali la yule mzee.