Niachieni mabuti yangu jamani

Hivi mabuti yangu yamewakosea nini? Maana nyumba nzima, mtaa mzima, mpaka mama mkwe anayekuja kwa nadra, wote wana neno. Mama watoto akifagia anayasukuma na ncha ya fagio, uso kaukunja, "mume wangu, haya madude si uyachome tu?" Niyachome! Kwani unajua yametoka wapi mama?

Ni mabuti ya kuwindia hayo, ngozi ya nyati, yameshonwa Bulawayo kule Zimbabwe. Enzi hizo nasaidia jikoni kwenye kambi ya wawindaji Selous, kabla sehemu kubwa ya lile pori haijafanywa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019, mgeni mmoja Mmarekani msimu umeisha, begi lake limezidi kilo, akaniachia. Na uzuri wake alikuwa ameshayatembeza kwenye miiba ya migunga akifukuzia nyati kwa mguu toka alfajiri, yani kazi ya kuyalainisha kaifanya yeye, malengelenge kapata yeye, mi nimeingiza mguu tu. Kampuni yenyewe inaitwa Courteney, ndo jina la yule Frederick Courteney Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Behobeho Januari 1917 wakipigana na Wajerumani, kaburi lake lipo hukohuko porini. Sasa kiatu chenye ukoo namna hiyo mtu anakwambia choma.

Kwanza raha yake hamuijui. Kiatu kipya cha ngozi kinakubana, kinakuuma kisigino, kinakudai. Hiki cha zamani kila kidole kina chumba chake, unatumbukiza mguu hata kamba hujafungua, umefika. Buti la kushoto kuna mwiba ulikatikia kwenye soli, ukipitisha kidole unausikia ncha yake, mpaka leo haujatokeza upande wa pili. Nionyesheni raba yenu nyeupe inayoweza hiyo.

Mama watoto yeye akaenda mnadani kwenye mtumba akaniletea mengine, yanang'aa, inaonekana hata hayajawahi kuvaliwa, akafurahi sana. Nikayavaa harusini kwa ndugu zake. MC anaita wanandugu tupeleke zawadi kwa kucheza, nacheza hivi, naona watu wanaangalia chini, kumbe soli inabaki kwenye zulia vipande vipande, kipande hapa kipande pale, katoto kanaokota kananifuata nyuma, "anko umedondosha." Nimefika kwa bibi harusi nakanyaga soksi. Fundi akaja kunieleza, zile soli za povu, poliyurithani, unyevu wa hewani unazila polepole hata kama kiatu kipo kwenye boksi, ikipita miaka kadhaa siku ukikivaa ndo kinamwagika, na sisi na joto letu hili na unyevu wetu ndo kabisa. Ya kushonwa soli ikiisha unafumua unashona nyingine, maisha yanaendelea.

Alafu kuna hili la mtaani. Nikikatiza sokoni na mabuti yangu, machinga wanafungasha! Wanadhani mgambo wa manispaa. Mi nataka nyanya tu, mafungu mawili, nafika meza imeshahamia kichochoroni, inabidi nimkimbilie muuza nyanya, nikikimbia ndo anazidi kukimbia. Sawa, kwenye daladala konda huwa ananiambia "afande kaa mbele", hapo sina malalamiko, nakaa.

Kilichoniuma zaidi ni mwizi. Karuka ukuta usiku, kapita barazani, kachukua ndala za bafuni zilizounganishwa na msumari, mabuti yapo pembeni yake kayaacha. Ametazama kabisa akaona hapana. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Ila masika ikianza, mvua imepiga, udongo ule mweusi unanyonya ndala hairudi, utasikia sauti laini kutoka jikoni, "mume wangu, yale mabuti yako yako wapi nikatoe kuku?" Ghafla sio madude tena. Anarudi nayo yana matope mpaka kwenye ulimi, anayaweka karibu na jiko la mkaa eti yakauke haraka. Jikoni! Ngozi ikibanikwa inasinyaa inapasuka, nimesema mpaka nimechoka, unajaza magazeti ndani, unaweka kivulini, kesho yake unapaka mafuta, ni ngozi ile sio mishkaki.

Saa hizi yapo kwa fundi pale stendi, soli imeisha ya kulia, anaweka ya tairi. Jirani kanicheka eti natengeneza katambuga. Mwambieni hizi soli za raba zenye meno alizileta Muitaliano, Vitale Bramani, baada ya wenzake sita kufia mlimani mwaka 1935 na viatu vyao visivyofaa, na mwaka 1937 alipozitoa waliomshika mkono ni Pirelli, haohao wa matairi. Kwa hiyo fundi wangu yuko sahihi kabisa, shida yake ni moja tu, nikimuuliza lini anasema Jumamosi. Jumamosi ipi, hajawahi kusema.